Rev, lugha ya RevBayes: alama nne zinazobeba modeli nzima

Programu nyingi za kukadiria mti wa nasaba kutokana na DNA hukupa menyu: unachagua, unabonyeza, na modeli yenyewe huioni. RevBayes, iliyotambulishwa na Höhna na wenzake mwaka 2016, inakutaka uiandike modeli mstari kwa mstari kwa lugha yake, Rev. Ni kazi zaidi, na inalipa.

Shikilia alama kwanza. `<-` ni ya thamani isiyobadilika, `~` ni ya kigezo cha nasibu, `:=` ni ya thamani inayokokotolewa upya kila vigezo vyake vinapobadilika, na `=` ni ya vifaa vya kazi tu, kama `mcmc`, kinachoendesha MCMC, yaani ukadiriaji kwa sampuli za nasibu. Tazama GTR, modeli ya jinsi herufi za DNA zinavyobadilishana: pi ni masafa ya herufi nne, er ni viwango vya kubadilishana, na Q ni jedwali linalotokana navyo:

pi ~ dnDirichlet(v(1,1,1,1))
er ~ dnDirichlet(v(1,1,1,1,1,1))
Q := fnGTR(er, pi)

Ukiandika `<-` kwenye mstari wa tatu, sarufi ni sahihi kabisa, ila Q inaganda kwenye thamani yake ya kwanza, na data haiwezi tena kuzifundisha pi na er chochote. Kosa hili ni baya kwa sababu halipigi kelele.

Mengine ya kuangalia: `seq.clamp(data)`, inayobana data kwenye kigezo cha mfuatano wa DNA (`seq`), ikisahaulika, data yako haijaungana na modeli. Kigezo kisichopewa mwendo, yaani kanuni ya kupendekeza thamani mpya (mfano `mvScale`), hakisogei. Kwenye Tracer, programu ya kutazama matokeo ya MCMC, utaona mstari ulionyooka.

Urefu wa matawi ndio unaohitaji uangalifu zaidi. `dnExponential(10)`, ukiiweka kama mgawanyo wa awali wa kila tawi, ina wastani wa 0.1 (mabadiliko kwa kila nafasi ya DNA), inaonekana ndogo. Lakini mti usio na mzizi wa spishi 23 una matawi 43, hivyo kabla ya data kusema neno umeshatarajia urefu wa mti 4.3. Kwa spishi za karibu hiyo ni nyingi mno. Afadhali uuwekee urefu wote `dnGamma(2,4)`, wenye wastani 0.5, kisha uugawe kati ya matawi kwa `dnDirichlet` na kuunganisha mti kwa `treeAssembly`.

Kwa aliyezoea BEAST 2, programu nyingine ya aina hii, lugha ya modeli iitwayo LPhy ni fupi zaidi: `~` na `=` zinatosha, na zana ya LPhyBEAST hugeuza modeli kuwa XML, faili ambalo BEAST 2 husoma. Ila miendo ya MCMC unachaguliwa na programu. Ukitaka kuipanga mwenyewe, baki na Rev.