Vyombo vya kuanzia maisha: kisu cha Kiwi ndiyo, seti ya flampeni hapana

Ukiingia maduka ya vyombo Kariakoo ukamwambia muuzaji unaanza maisha, umemrahisishia kazi. Atakushushia seti: boksi kubwa, sufuria na flampeni za zambarau, mifuniko ya kioo. "Dada, hapa umemaliza jiko zima." Zinapendeza, sikatai. Ila mimi natumia gesi ya pleti mbili, sufuria zote hizo sina kazi nazo. Tena ile rangi ya ndani haipatani na mwiko wa chuma wala moto mkali. Ikianza kubanduka, flampeni ndiyo basi tena.

Nimenunua kimoja kimoja, na kilichonifurahisha kuliko vyote ni kisu. Kiwi, kile cha Thailand chenye bapa pana na mpini wa mbao, chini ya shilingi elfu kumi. Pembeni yake kulikuwa na visu vinene vya kung'aa, bei mara kadhaa. Lakini bapa la Kiwi ni jembamba, linapita kwenye nyanya iliyoiva bila kuiponda, na matembele yanakatika membamba kama unavyotaka. Makali yakififia, geuza kikombe cha udongo: ule mduara wa kitako usiong'aa, wenye mkwaruzo, upitishie kisu kwa kukilaza kidogo, huku na huku. Kinarudi. Mifupa usijaribu, makali yatameguka. Waachie wa buchani. Na usikilaze kwenye beseni la vyombo, mpini unavimba.

Sufuria nilichukua mbili za alumini, zile za kawaida zisizo na mikono. Zipindue, bonyeza kitako kwa dole gumba. Kikibonyea na kurudi kwa mlio wa kopo, rudisha, hiyo ni ya kuunguzia wali. Nzuri ina uzito na inakaa sawa sakafuni bila kuyumba. Ubaya wa alumini ni mmoja: mchuzi wa ukwaju au nyanya usiulaze humo, mchuzi unaingia ladha ya bati na sufuria inaliwa vishimo vidogo. Mimina kwenye bakuli.

Chuma cha chapati ndicho kilichonichosha mkono kubeba hadi kituo cha daladala. Chagua kizito, cha kumimina, kisicho na rangi. Nyumbani kioshe, kikaushe motoni, paka mafuta kidogo sana, acha kitoe moshi, kipoe, rudia. Madirisha fungua. Chapati za mwanzo ziliganda pembeni. Sasa zinateleza zenyewe, na yai pia nalikaangia humo humo, flampeni siikumbuki.

Kwa huduma, duka nililonunua nalipa alama nzuri kasoro mifuniko. Inauzwa kivyake na saizi zinapishana hata kama namba ni ile ile, kwa hiyo ijaribishe juu ya sufuria yako hapo hapo kaunta kabla hujatoa hela.