Kabati nzuri, kaunta ya mtu mrefu

Niliapa sitaandika neno kuhusu jikoni kwangu kabla sijasonga ugali wa watu wanane pale. Kuchemsha chai si kupima jiko. Jumapili iliyopita shemeji zangu walikuja na mama mkwe, nikasonga, wakala wakashiba, na sasa naweza kusema.

Nakaa Mamboleo, hapa Kisumu, na riziki yangu ni chapati na sambusa za oda, kwa hiyo jikoni ndiko ofisini. Kabati za zamani zilikuja na nyumba, zote za chipubodi. Chini ya sinki zilikuwa zimelainika hadi ungeweza kuzichimba kwa kijiko, na mende walishaanzisha ukoo humo. Nikapata karakana moja upande wa Kibuye. Jina silitaji, maana nina lalamiko na sitaki kumwagia mtu unga.

Nianze na lililonifanya nimwamini fundi. Nilikuwa sijui tofauti ya MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na marine, plaiwudi ya kuhimili maji, isipokuwa kwamba marine ina bei ya kuumiza. Hakunihubiria. Alikata vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, vyote vya milimita 18, akavitosa kwenye ndoo ya maji akaniambia, "Mama, rudi kesho." Kesho yake kile cha MDF kilikuwa kimefura kama mkate uliochovywa kwenye chai. Cha marine kilikuwa kimelowa tu, kikikauka kinarudi vilevile. Tukakubaliana: masanduku yote ya chini yawe ya marine, kabati za juu na milango iwe MDF. Kwa nyumba ya huku ziwani, ambako mvua za Machi zikianza hata chumvi inagandamana kwenye kopo, naona huo ndio uamuzi bora tuliofanya.

Jambo jingine alilonifunza: bodi hainywi maji kwa uso, inanywa kwa ukingo. Basi alibandika utepe kwenye kingo zote, hata zile zinazotazama ukuta ambazo hakuna binadamu atakayeziona, na tundu la bomba akalizungushia silikoni. Kabati hazikusimama kwa miguu ya plastiki pia. Alimwaga jukwaa la saruji la kama sentimita 10, akalivalisha vigae, kabati zikakaa juu yake. Mwaga maji upige deki utakavyo, hayafiki kwenye mbao. Bawaba ni zile za kujifunga taratibu, na kitinda mimba wangu hadi leo anaupiga mlango teke makusudi ili autazame ukipoa.

Droo alizembea. Niliweka bunda la unga, paketi 12 za kilo mbili, kitako kikabonyea siku ya tatu. Kufungua chini nikakuta kibao chembamba kama cha nyuma ya fremu ya picha. Alikuja akabadilisha bila kudai senti, lakini nilipaswa kumwambia mimi?

Jumla ya kabati ilikuwa 168,000, akachukua asilimia 60 mwanzoni. Aliahidi wiki mbili. Zilikuwa tano, na katikati tulipikia barazani.

Granaiti nilinunua kando, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa. Mawe meusi mengine hutiwa rangi yaonekane meusi zaidi. Binti yangu ndiye aliyeniambia niende na kitambaa cheupe na dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kwa muuzaji wa kwanza nilisugua kona moja, kitambaa kikatoka na weusi. Muuzaji akageuka kutazama barabara kana kwamba anasubiri matatu. Kwa wa pili kilitoka safi, nikalipa 14,500 kwa mita, mita 4.2, pamoja na kukata na kufunga. Tundu la sinki walilikatia uani kwangu kwa grainda, vumbi likaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo za jirani. Tulinuniana siku mbili. Kiungo cha kwenye kona kinaonekana ukikitafuta, sikitafuti. Kwa kusukuma chapati, jiwe hili ni raha: ni baridi, donge haling'ang'anii, na ukipangusa unga mara moja umemaliza. Walilipaka dawa ya kuziba vitundu, wakanionyesha namna ya kujua imekwisha: dondosha maji, subiri dakika chache, pakibaki doa jeusi basi jiwe limeanza kunywa, paka tena.

Sasa lalamiko. Mimi ni futi tano kamili. Fundi alipima ukuta, akapima dirisha, akapima friji, lakini mimi mwenye kupika hakunipima. Kaunta ikaja sentimita 90. Weka juu yake jiko la gesi la sentimita 12, weka sufuria ya sentimita 20, mdomo wa sufuria unanifika karibu na bega. Ugali unasongwa kwa uzito wa mwili kutoka juu. Ukiinua viwiko, nguvu zote zinaishia shingoni na unga unabaki na madonge. Jioni ya kwanza nilisonga nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Siaya kwa ajili ya kliniki, alisimama mlangoni akatazama, akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), hapo utapika au utahutubia?"

Nikampigia fundi. "Lakini Mama, hicho ndicho kipimo cha kila mtu." Nikamuuliza huyo kila mtu anasonga ugali au anakaanga mayai. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema kwake ni mkewe anayepika na hajawahi kumuuliza. Baada ya wiki moja alirudi na kijana wa mawe, wakashusha kipande cha mita moja chini ya dirisha hadi sentimita 68, gesi ikakaa hapo. Nilishika mwiko hewani, naye akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko changu. Gharama ilikuwa 11,500, tukagawana nusu kwa nusu, ingawa hadi sasa naona ilikuwa yake yote.

Kama utampata fundi wa aina hii, na wapo wengi pale Kibuye, muulize habari za kingo na za kitako cha droo kabla hujatoa pesa. Na siku ya kupima, beba sufuria yako kubwa na mwiko. Kaunta ya kuoshea vyombo iache juu, mgongo utashukuru. Ya kusongea ishuke.

Mimi ningempa kazi tena, ila ningemsimamia. Jumapili ugali ulitoka bila donge hata moja, na mama mkwe safari hii alivuta kiti akaketi karibu na dirisha, akachambua omena palepale nikisonga. Mlango wa kabati ya juu bado unagusa friji. Namshikilia 4,000 zake hadi aje kuurekebisha.