Ndege ya wanafunzi juu ya mikoko yetu ya Manda

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaopanda mikoko upande wa Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Agosti hii tuliwaita wanafunzi wanne wa uhandisi waje na ndege isiyo na rubani waliyoiunda wenyewe, watupigie picha za eneo letu kutoka juu. Tulitoa shilingi 25,000, juu yake mashua, chakula na pa kulala. Wenzetu wa visiwa vya Pate na Ndau wananiuliza kama nao wawaite. Jibu langu: waiteni, lakini msiwaite wakati wa kusi, ule upepo mkali utokao kusini, na msiwaite kuhesabu miche.

Ndege yenyewe niliipenda tangu ilipotolewa kwenye boksi. Mabawa yake ni ya lile povu gumu jeupe linalowekwa ndani ya makatoni ya televisheni, yamekatwa kwa waya uliopashwa moto, ndani yamepitishwa fito za kaboni, juu yamezungushiwa utepe wa gundi. Kutoka ncha hadi ncha ni mita 1 na nusu hivi. Ina mota moja nyuma, kamera ya mfukoni tumboni, na inaongozwa na ArduPilot, programu ambayo yeyote anaweza kuipakua bila kulipa. Binti mmoja kati yao ndiye aliyekata mabawa yote mawili, na ndiye aliyekuwa akiirusha kwa mkono.

Kabla ya yote niliomba karatasi. Uwanja wa ndege uko Manda hapo hapo, na kwa kanuni za mwaka 2020 chombo cha namna hii lazima kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Karatasi walikuwa nazo, na kwa chifu walipita. Asiye nazo msimpandishe mashua.

Sasa shida. Walituambia betri inakaa hewani dakika 40. Hiyo ni huko kwao bara, siku tulivu. Kwetu ilikaa 22. Ndege inakwenda mita 13 kwa sekunde, na kusi siku ile ilikuwa kama mita 9. Walikuwa wamepanga mistari ya kurukia ndege kusini kaskazini. Ikienda na upepo inafyatuka mita 22 kwa sekunde, picha zinaachana mno hata haziwezi kuunganishwa. Ikirudi inabaki na mita 4, mwendo wa baiskeli, na betri inaliwa vile vile. Betri ya kwanza iliisha wakiwa hawajamaliza hata robo ya eneo.

Nahodha wetu alikuwa ameketi kwenye ngalawa akiangalia. Akawaambia, "Wanangu, hata jahazi haliendi hivyo. Upepo uwekeni ubavuni." Walikaa chini wakapiga hesabu: mistari ikikatiza upepo, ndege inakwenda mita 9 na kidogo kila upande, kwenda na kurudi sawa. Wakabadilisha mpango palepale kwenye kompyuta, na betri ya pili ikamaliza zaidi ya nusu. Nilifurahi kuona vijana wa chuo wakimsikiliza mzee wa baharini bila kinyongo. Mzee naye tangu siku hiyo anaiita "ndege yangu".

Betri ya tatu ndiyo iliyotutia majonzi. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji makavu saa nne na nusu asubuhi, na wao walichagua fungu la mchanga kuwa kiwanja. Niliwaambia saa tano maji yanaanza kurudi. Wakachelewa kwa kutafuta kosa la dira, na waliporusha ilikuwa karibu saa sita. Ndege hii ikipoteza mawasiliano ya redio inarudi yenyewe pale ilipoanzia. Ikapoteza, ikarudi kama ilivyofundishwa, na pale ilipoanzia palikuwa na maji ya magoti. Haijui bahari. Ilitua majini. Waliiosha kwa maji baridi ya kunywa, tuliyokuwa tumebeba kwa ajili yetu, lakini kesho yake viungio vya shaba vilikuwa kijani na mota inakwaruza. Rafadha ya akiba, yaani panga linalozungushwa na mota, hawakuja nayo. Chuo chao, walivyoniambia, hakikuwapa hata shilingi ya vipuri, na hilo lilinikera kwa niaba yao.

Picha tulizipata baada ya wiki mbili, zimeunganishwa kuwa ramani moja kubwa. Ina matundu, kama kanga iliyoliwa na mende. Kwenye maji matupu kompyuta haina alama ya kushika, na majani yakitikiswa na upepo hayafanani picha hata picha. Miche yetu ya mwaka huu, yenye majani manne matano, haitambuliki. Kutoka mita 100 ni nukta mbili tatu za kijani kwenye tope. Iliyo chini ya mikoko mikubwa ndiyo isitajwe. Kuhesabu tutaendelea kwa miguu na kamba.

Lakini ramani hiyo hiyo ilituonyesha kitu ambacho miaka miwili hatukukiona. Kuna kipande ambacho michu, aina mojawapo ya mikoko, inakufa, na sisi tulikuwa tukilaumu kaa. Kutoka juu unaona wazi: kijito kilichokuwa kikipeleka maji pale kimezibwa na ulimi wa mchanga, na kukauka kunaanzia hapo hapo. Wiki iliyopita tumekwenda akina mama 19 na majembe, tumekichimbua, maji yamepita.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Tumewaita tena tanga mbili, pepo zinapobadilishana, Novemba, kama mvua ya vuli itakuwa haijashika, kwa masharti matatu: waje na betri sita, waje na mota na rafadha za akiba, na saa ya kurusha itolewe na nahodha. Wamekubali. Binti yule ameniomba nimpimie upana wa sitaha ya mashua, anataka kujaribu kuitua kwenye wavu.