Uzoefu wangu: malazi ya kijijini katika kisiwa cha Abaiang, Kiribati

Nyumba ya wageni niliyofikia Abaiang naipa nyota nne kati ya tano. Abaiang ni atoli, yaani pete nyembamba ya ardhi ya matumbawe inayozunguka bahari ya ndani iliyotulia, na iko kaskazini mwa Tarawa, yalipo makao makuu ya Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Mgeni hufika Tarawa kwa ndege, aghalabu kupitia Nadi, Fiji, kisha huendelea kwa boti au kwa ndege ndogo ya ndani.

Malazi yenyewe ni buia: ulingo wa miti ulioinuliwa kutoka ardhini na kuezekwa kwa majani, usio na kuta, wenye mkeka wa mkadi, godoro jembamba na chandarua. Upepo wa bahari hupita usiku kucha, na kwa joto la huko sikutamani chumba chenye kuta, ingawa msafiri anayetaka mlango wa kufunga kwa ufunguo aulize mapema. Choo kiko nje. Maji ya kunywa ni ya mvua, yaliyokingwa kutoka kwenye paa la bati, na ya kuoga ni ya kisima, yenye chumvi kwa mbali. Chini ya kisiwa kuna tabaka la maji baridi linaloelea juu ya maji ya bahari, na kwa kuwa hilo ndilo linalotegemewa mvua zinapokosekana, mgeni muungwana huoga kwa ndoo moja.

Chakula ndicho kilichonifanya nisione hasara ya nauli. Samaki hakosekani, pamoja na wali, shelisheli na nazi; na siku ya karamu huletwa babai, jamii ya majimbi makubwa yanayolimwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa mpaka kufikia maji ya chini. Wagema hupanda minazi asubuhi na jioni, wengine wakiimba huko juu. Utomvu mbichi hunywewa hata na watoto, na ukichemshwa sana huwa asali nzito inayoitwa kamaimai, ambayo huchanganywa na maji na kupewa mgeni. Nilimsifu mgema wetu mbele ya watu, wala hakulitia maji.

Anayelipia malazi haya ajue kwamba ameingia katika utaratibu wa kijiji. Kiini cha kijiji ni maneaba, jumba kubwa la mikutano lenye paa linaloshuka karibu na ardhi, ambamo kila ukoo una mahali pake pa kuketi palipojulikana tangu enzi za mababu. Mwenyeji wangu alinipeleka kwa wazee, wanaoitwa unimwane, akanitambulisha, akanionyesha pa kuketi. Mtu hukunja miguu, hawanyooshei wenzake nyayo, na huvaa nguo ya kupita magoti. Mwenyeji alinieleza haya kabla hatujaingia, na kwa hilo peke yake anastahili sifa kuliko waongoza wageni wengi niliopata kuwalipa.

Wanaoutafuta ukimya watambue kwamba jogoo, nguruwe na ufagio wa alfajiri havimwachi mtu alale mpaka saa mbili. Jumapili ni ya kanisa.

Kwa malipo ya ziada nilipandishwa mtumbwi wa tanga. Tofauti na ngalawa yetu yenye mirengu miwili, huu una mmoja tu, nao hukaa daima upande wa upepo. Kwa hiyo wanapogeuza mwelekeo huhamisha tanga kutoka ncha moja hadi nyingine, na iliyokuwa tezi ikawa omo. Nisingekubali kuikosa safari hiyo. Siku nyingine tulitembelea Tebunginako, ambako bahari ilikula ufukwe na chumvi ikaingia katika mashimo ya babai, hata kaya nyingi zikahamia ndani zaidi ya kisiwa. Huko niliona ni vyema kamera ibaki mfukoni hadi nikaribishwe kuitoa.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya usafiri. Boti ya kunirudisha Tarawa iliahirishwa kwa upepo, jambo lisilo na lawama, lakini wahusika hawakutoa taarifa yoyote, nasi tukashinda ufukweni na mizigo. Mwenyeji alinirudisha nyumbani, akanilisha kwa bei ileile, akanitafutia nafasi katika boti nyingine. Anayepanga safari aache siku kadhaa kabla ya ndege yake ya kimataifa, na abebe dola za Australia taslimu za kutosha, zikiwemo noti ndogo, kwa sababu fedha hiyo ndiyo inayotumika Kiribati na kadi ya benki haina kazi kijijini.