Kifurushi cha kukuza Th17: seli nzuri, huduma ya hovyo

Hiki ni kifurushi cha maabara cha kukuza Th17, yaani seli T za kinga zinazotoa protini ya IL-17. Kwenye kutenganisha seli sina neno. Wengu wa panya uliingia, nikatoka na seli T za CD4 ambazo hazijawahi kuamshwa, safi kabisa. Baada ya kuwekwa na kingamwili za CD3 na CD28 zikanenepa, zikajikusanya mafungu mafungu, midia, yaani maji ya kukuzia seli, ikaanza kuacha wekundu na kuelekea njano. Waliokuza seli T wanaijua raha hiyo.

Balaa ni kichupa cha TGF-β. Hiyo pamoja na IL-6, zote protini za kuzipa seli ishara, ndizo zinazozisukuma seli ziwe Th17. Sasa mzigo umefika barafu kavu imeisha yote, sanduku vuguvugu, kichupa kimeyeyuka. Nikapiga picha, nikawatumia. Wakanijibu: jaribu tu, kitafanya kazi. Haya, nikajaribu. Seli zikajaa kisahani, hai, zinang'aa. Kwenye saitometa, mashine ya kupima seli moja moja, IL-17 ikawa vinukta vya kuhesabika.

Nikapiga simu. Aliyepokea hakuniacha hata nimalize sentensi: "Kwani una uzoefu wa kukuza seli? Labda umesahau merkaptoethanoli." Merkaptoethanoli! Seli T za panya zikiikosa hudhoofika na kufa, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kumwambia zangu zimejaa kisahani! Halafu akauliza kama natumia midia ya RPMI au IMDM. Swali la maana hilo, simnyimi haki yake, maana IMDM hutoa Th17 nyingi zaidi kwa kuwa ina kemikali zinazoamsha kipokezi cha AhR ndani ya seli. Ila niliandika IMDM kwenye barua pepe, mstari wa kwanza. Hakuisoma.

Nikaazima TGF-β maabara ya jirani. Vingine vyote vilevile vya kwao: IL-6, kingamwili za kuzuia IFN-γ na IL-4, ishara ambazo zingezipeleka seli njia nyingine. IL-17 ikapanda hadi nikacheka peke yangu. Kwa hiyo kifurushi kizuri, tena kizuri sana. Nilikuwa naelekea kukipa nyota nne. Nikakumbuka "kwani una uzoefu", zikawa tatu. Nikakumbuka panya aliyechinjwa bure kwa ajili ya kichupa kilichoharibika njiani, zikawa mbili. Na leo wameniandikia wakiniomba nitathmini huduma yao, wakati kichupa mbadala walichoahidi sijakiona. Basi moja.

Mkiamua kununua, fungueni sanduku mbele ya aliyelileta. Barafu ikiwa imeisha, msisaini.