Kalenda ya Darubini za Anga Iliyochapishwa Bukavu: Inunuliwe, Lakini Isomwe kwa Tahadhari

Tangu mwisho wa mwaka jana, maduka ya vitabu na vifaa vya shule hapa Bukavu, kuanzia Nyawera hadi pembezoni mwa soko la Kadutu, yamekuwa yakiuza kalenda kubwa ya ukutani yenye picha zilizopigwa na darubini za Hubble na James Webb. Imechapishwa na duka dogo la uchapaji lililoko komini ya Ibanda, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa nitakayoyasema si ya sifa tupu. Ina kurasa kumi na mbili na jalada, ukubwa wa A3, imefungwa kwa waya juu, na kila picha ina maelezo mafupi ya Kifaransa na ya Kiswahili. Bei ni dola 5, au franka kwa kadiri ya kiwango cha siku hiyo, na anayenunua nyingi kwa ajili ya shule hupunguziwa akiomba.

Niseme mapema kwamba nimeinunua, nimeitundika katika darasa ninamofundisha fizikia, na sijuti. Kwa shule ambayo haina maabara, na ambayo umeme ukikatika kompyuta moja iliyopo huwa haina kazi, karatasi inayoning'inia ukutani mchana kutwa ni chombo cha kufundishia kisicho na mfano. Kasoro zake hata hivyo si za urembo. Nyingi zinatokana na jambo moja, nalo ni kwamba waliotengeneza kalenda hii wamezichukulia picha za darubini kama mapambo, ilhali kila moja ni kipimo: ilichukuliwa kwa kamera fulani, kupitia kichujio fulani, kwa muda fulani, na ukiyaondoa hayo unabaki na rangi za kupendeza ambazo huwezi kuzifanyia hesabu yoyote.

Karatasi ni nzito na inang'aa, tena haikunji pembe hata baada ya miezi ya unyevunyevu wa msimu wa mvua. Wino ndio unaogawanya kurasa. Picha zenye mwanga mwingi zimetoka vizuri sana, hasa ile ya ukingo wa Nebula ya Carina (nebula ni wingu la gesi na vumbi angani), eneo liitwalo NGC 3324, lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 7,600 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), ambalo Webb ililionyesha Julai 2022. Ukiusogelea ukurasa huo unaziona nyuzi nyembamba za gesi zikipanda kutoka kwenye "milima" ya vumbi, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote kina urefu wa karibu miaka 7 ya nuru, na rangi ya kahawia ya chini haijachanganyika na buluu ya juu. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua mashine yake.

Ukurasa wa kundi la galaksi (yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota) liitwalo SMACS 0723 ni kinyume chake. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya rangi ya Webb kutangazwa, tarehe 11 Julai 2022, na thamani yake yote imo katika vile vitu hafifu. Darubini ilikusanya mwanga kwa saa 12 na nusu ili kuvipata, na uzito wa kundi hilo, ambalo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 4.6 kutufikia, unapinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake zaidi na kuzifanya zionekane kama tao. Mchapaji ameukoleza weusi ili picha ivutie kutoka mbali, na kwa kufanya hivyo amezizamisha galaksi ndogo karibu zote. Matao makubwa mawili matatu yamebaki. Hayo mengine yamekuwa wino mtupu. Niliilinganisha na picha hiyohiyo kwenye simu, na simu ya kawaida kabisa inaonyesha vingi zaidi ya karatasi ya dola 5.

Kosa lililonikera zaidi limo katika ukurasa wa Februari, wenye picha mashuhuri ya Hubble ya mwaka 1995 ya Nguzo za Uumbaji, zilizomo katika Nebula ya Tai. Aliyewahi kuiona picha hiyo anakumbuka kwamba pembe yake ya juu kulia ni nyeusi na imekatwa kwa ngazi. Kamera iliyotumika ilikuwa na vipokezi vinne vya mwanga, vitatu vya eneo pana na kimoja cha kuona kwa ukaribu zaidi. Picha ya hicho cha nne inapopunguzwa ili ilingane na nyingine tatu, inakuwa ndogo, na pengo linabaki. Katika kalenda hii pengo halipo. Limejazwa gesi ya kijani na nyota, na ukitazama kwa makini utagundua kwamba kikundi kilekile cha nyota tatu, moja kubwa na mbili ndogo zilizopangika chini yake, kimebandikwa mara mbili, kimoja karibu na ukingo na kingine chini kidogo. Nilipomuuliza kijana wa dukani, alinijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, ile pembe nyeusi ilikuwa inaharibu picha, wateja wangesema tumekosea kukata." Hoja yake ya biashara naielewa. Lakini mwanafunzi wangu akizihesabu nyota za pembe hiyo atakuwa amehesabu nyota ambazo hazipo mbinguni, na aliyeziweka ni mtu wa Ibanda, si Hubble.

Ukurasa huohuo unadai kwamba nebula hiyo iko umbali wa kilomita 6,500. Kilomita 6,500 ni kama kutoka hapa Bukavu hadi Brussels, kwa hiyo tungeifikia kwa ndege na kurudi. Kilichokusudiwa ni miaka ya nuru 6,500, na mwaka mmoja wa nuru ni takriban kilomita trilioni 9.46. Maelezo ya Kifaransa yameandika sawasawa. Ni ya Kiswahili tu yaliyokosewa, jambo linalonifanya nishuku kwamba Kiswahili kiliandikwa mwishoni, kwa haraka, na hakuna aliyekipitia.

Kuhusu rangi, kalenda iko kimya kabisa, na kimya hicho kinawanyima wanafunzi sehemu tamu kuliko zote. Katika picha ya 1995, rangi nyekundu inaonyesha salfa, kijani inaonyesha haidrojeni, na buluu inaonyesha oksijeni. Kwa jicho la kawaida mwanga huo wa salfa na ule wa haidrojeni yote ni myekundu, ungechanganyika usiweze kutenganishwa; wanaastronomia waliipa kila gesi rangi yake ili waone ipi iko wapi. Webb nayo inapima hasa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni kamwe, kuanzia mikromita 0.6 (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita), mahali ambapo mwanga mwekundu unaoonekana unaanzia, hadi zaidi ya mikromita 28. Wanaotayarisha picha zake hupanga mawimbi mafupi yawe buluu na marefu yawe mekundu. Mtoto anayeambiwa hivyo haambiwi kwamba picha ni ya uongo; anapewa ufunguo wa kuisoma.

Ufunguo huo ungefanya kazi nzuri sana hapa, maana mwezi wa Septemba kalenda inazileta Nguzo zilezile, safari hii zikiwa zimepigwa na Webb mwaka 2022. Vumbi ambalo kwa Hubble lilikuwa ukuta mzito sasa limekuwa jepesi, kwa kuwa mawimbi marefu hupenya vumbi kwa urahisi kuliko mafupi, na nyuma yake zimetokea nyota kwa maelfu. Kwenye kingo za nguzo kuna vidoa vyekundu ambavyo ni nyota changa, baadhi zikiwa na umri wa miaka laki chache tu. Picha hizi mbili zilistahili ukurasa mmoja, juu na chini. Zikitenganishwa kwa miezi saba, hakuna atakayezilinganisha isipokuwa mwalimu aliye tayari kupanda juu ya benchi na kufunuafunua. Mimi nimeikata ya Februari na kuibandika pembeni kwa gundi.

Picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyowekwa mwezi wa Juni na kuandikwa "Hubble", haikupigwa na Hubble wala na darubini yoyote iliyoko angani. Ilitangazwa tarehe 10 Aprili 2019, na ilitokana na darubini nane za redio zilizoko hapa duniani, katika mabara mbalimbali, zilizounganisha vipimo vyao. Ni picha kubwa katika historia ya sayansi, ila haihusiki na kalenda hii.

Upande wa sifa, mchoro wa Webb yenyewe, uliowekwa nyuma ya jalada, umefanywa kwa uangalifu ambao sikuutarajia. Kioo cha mita 6.5 kimeonyeshwa kwa vipande vyake 18 vya pembe sita, vilivyotengenezwa kwa madini ya berili na kupakwa dhahabu, na ngao ya kuzuia jua ina matabaka yake matano. Maelezo yanasema kwa usahihi kwamba darubini iko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na kwamba ni lazima iwe baridi sana kwa sababu joto lake lenyewe lingetoa miale ya infraredi ile inayotaka kuipima. Kwa mchoro huo niliweza kulijibu swali ambalo darasa lilikuwa limelibeba tangu Januari, la kwa nini nyota za picha za Webb zina miiba minane na za Hubble minne: miiba sita mikubwa inatokana na kingo za vioo vya pembe sita, ikisaidiwa na nguzo zinazoshika kioo kidogo cha mbele, na miwili midogo ya mlalo inatokana na nguzo mojawapo. Kioo cha Hubble ni cha duara, na miiba yake minne huletwa na nguzo nne.

Kitu kimoja kingeiongezea kalenda hii thamani bila gharama yoyote, nacho ni kupanga picha kwa kufuata anga letu. Bukavu iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo tunaziona nyota za kaskazini na za kusini pia, bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Nebula ya Tai hupita karibu na utosi wetu, na wakati wake mzuri wa jioni ni Julai na Agosti, kiangazi, wakati mawingu yamepungua. Kuiweka Februari, inapochomoza alfajiri huku mvua ikinyesha, ni kumnyima msomaji nafasi ya kutoka nje na kunyosha kidole kuelekea mahali inapokaa. Nebula ya Orioni ingekaa Januari au Februari, na Carina, ambayo huonekana upande wa kusini juu ya vilima, ingekaa Aprili au Mei. Hizo mbili za mwisho hata darubini ndogo ya mkononi inazidaka, mradi mtu asimame mbali na taa.

Haki za picha hazina tatizo kubwa. Picha za NASA kwa kawaida ziko huru kutumiwa, na shirika la anga la Ulaya linaruhusu picha zake za Hubble na Webb zichapwe hata kwa biashara, kwa sharti kwamba wenyewe watajwe. Kuandika "Picha: NASA" chini ya kila ukurasa hakutoshi. Webb ni kazi ya Marekani, Ulaya na Kanada kwa pamoja, na ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kwa roketi ya Ulaya.

Roketi hiyo, Ariane 5, ndiyo picha ya Desemba, na uchaguzi huo ni mzuri kwa sababu Webb iliondoka siku ya Noeli ya mwaka 2021. Ila jalada linadai kwamba Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, ndiyo darubini ya kwanza kupelekwa angani. Sivyo. Marekani ilikuwa tayari na darubini iitwayo OAO-2 angani tangu Desemba 1968, ikipima mwanga wa urujuanimno wa nyota. Kisha tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka mbinguni, miale ambayo angahewa yetu haiiruhusu kufika chini. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililokuwa la Waitaliano, ndani ya Bahari ya Hindi karibu na Malindi, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na kwa ajili hiyo ikapewa jina Uhuru. Haikuwa na kioo wala haikupiga picha kama hizi. Ilikuwa na vihesabio vya miale, na kwavyo ikaacha orodha ya vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kalenda yenye maelezo ya Kiswahili, inayouzwa Afrika, imeipita tarehe hiyo bila hata alama. Nimemwandikia mwenye duka barua kuhusu toleo lijalo na kumwambia kwamba nafasi haikosekani: chini ya ukurasa wa Desemba kuna kisanduku cheupe cha vidole vinne, kilichoachwa kwa ajili ya tangazo la mteja, na hakuna mteja aliyekinunua.