Koili tatu za Equinox 800 kwenye mchanga wa Mwanza: inchi 6, 11 au 15?

Mwanza ukitaja mashine ya kutafutia madini, picha inayomjia mtu ni ya wachimbaji wa Geita wakitembea na koili pana kama sinia. Ndiyo maana anayetaka mashine ya kutafutia pete na sarafu ufukweni huulizia kwanza koili kubwa, yaani lile sahani la chini linalonusa metali, akiamini upana ndio kina. Kwa fukwe za Ziwa Victoria, mara nyingi hayo ni makosa, na ni makosa ya gharama. Tathmini hii ni ya koili tatu za mashine ya kutafutia metali ya Minelab Equinox 800: ya duara ya inchi 6 (sentimita 15), ya inchi 11 (sentimita 28) inayokuja na mashine yenyewe, na ile ya umbo la yai ya inchi 15 kwa 12 (sentimita 38 kwa 30). Zote ni za mtindo wa Double-D (ndani kuna nyaya mbili za umbo la D zilizopishana), haziingizi maji, na zinafungwa kwenye mpini uleule.

Tuanze na kina, maana ndipo watu wanapodanganyika. Nguvu ya sumaku inayotoka kwenye koili hupungua haraka sana inaposhuka ardhini, na mwitikio wa pete nao hupungua hivyohivyo unaporudi juu. Kitu kikishakuwa mbali kuliko upana wa koili, kukizamisha mara mbili zaidi hufanya kile kinachorudi kibaki kama sehemu 1 kati ya 64. Kwa hiyo kutoka inchi 11 kwenda 15 unaongeza sentimita chache tu kwa kitu cha ukubwa wa sarafu. Kwa vitu vidogo, kama hereni au mkufu mwembamba, unaweza hata kupoteza: koili kubwa inatawanya nguvu yake kwenye eneo pana, na hereni iliyo sentimita 5 chini, ambayo koili ya inchi 6 inaitamka waziwazi, kwenye ile ya 15 inakuwa mnong'ono.

Lakini adui mkubwa hapa kwetu si kina, ni vizibo. Ufukwe wowote wenye baa, au mwalo wowote ambako dagaa wanaanikwa na mitumbwi inatengenezwa, una vizibo vya soda na bia, misumari, ndoano na vipande vya waya kila hatua. Koili inasoma kwa pamoja kila kilicho chini yake. Pete ikiwa sentimita 12 kutoka kwenye kizibo, koili ya inchi 11 inavikuta vyote viwili kwa wakati mmoja na mara nyingi sauti ya chuma inaimeza ya pete. Ya inchi 6 ikiwa juu ya pete inakiacha kizibo nje na kuvitenganisha. Kwenye mialo kama Kirumba na Igombe, hii ndiyo koili ya kufunga, na ukiweza panda na Recovery Speed hadi 6 au 7 ili mashine ipumue haraka kati ya kitu kimoja na kingine.

Kizibo chenyewe kinatambulika ukiwa na subira. Ukishapata sauti nzuri, usichimbe bado. Weka koili katikati ya sauti, endelea kuipeleka kushoto na kulia kwa mapigo mafupi huku ukiivuta polepole kuelekea miguuni mpaka sauti ifike kwenye ncha ya mbele. Pete hubaki na sauti safi hadi inapotea. Kizibo cha chuma huanza kukoroma kinapofika ukingoni, na namba kwenye kioo, inayokisia aina ya metali, huruka. Kwa koili ya inchi 6 ukingo uko karibu, kwa hiyo jibu unalipata haraka na kwa uhakika zaidi. Chubwi za risasi za wavuvi, hata hivyo, hazina dawa. Risasi inasomeka kwenye namba zilezile za dhahabu, na hakuna koili itakayokuambia tofauti. Chimba.

Jambo jingine ambalo maelezo mengi ya mashine hayatakuambia, kwa kuwa hayakuandikwa kwa ajili yetu: sarafu zetu za shilingi 100 na 500 ni chuma kwa ndani, zimefunikwa tu kwa metali nyingine juu. Ziguse kwa sumaku, zitanasa. Namba hizo za Equinox zinaanzia -9 hadi 40, na kuanzia 0 kushuka ni chuma. Ukiizima sehemu hiyo yote ili usisumbuliwe na misumari, unaweza kuzizima na sarafu. Fukia sarafu ya 500 kwenye mchanga sentimita 10, pitisha koili zako zote juu yake, ukariri sauti yake kabla hujatoka.

Koili ya inchi 11 ndiyo ya kazi ya kila siku, na kama unanunua moja tu, ishia hapo. Inafaa kwenye mchanga ulio wazi, kama sehemu pana za Luchelele, ambako taka ni chache na unahitaji kufunika eneo. Piga hesabu ya mraba wa mita 10 kwa 10: ukigawa njia 10 za mita 1, na kila pigo likichukua sekunde 2, koili ya inchi 11 ikisogea sentimita 20 kila pigo inamaliza kwa dakika 17 hivi. Ya inchi 6, ikisogea sentimita 10, inachukua dakika 33. Ya inchi 15, ikisogea sentimita 25, inachukua dakika 13. Yaani pesa yote ya koili kubwa imekununulia dakika 3 au 4.

Na dakika hizo unazilipia kwa mkono. Koili ya 15 ni nzito upande wa mbele, ndani ya maji inasukumwa kama kasia, na kati ya mawe haipiti. Fukwe nyingi za Mwanza ni vipande vifupi vya mchanga vilivyobanwa na miamba. Pete huanguka pale ambapo mtu amekaa kwenye jiwe akivua viatu, na hapo panahitaji koili inayoingia kwenye upenyo. Kubwa pia hunasa zaidi kelele za nyaya za umeme, inakubidi upunguze usikivu, na kile kina ulichokinunua unakirudisha.

Kuna pia mchanga mweusi. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, iburute kwenye mstari mweusi ambao mawimbi yameuacha. Ikitoka na ndevu nene kama za mbuzi, hapo pana chuma cha asili kingi, na kadiri koili inavyokuwa pana ndivyo inavyokimeza kingi zaidi. Mstari huohuo ndio wa kutafuta kwa makini, maana mawimbi yanayorundika mchanga mzito yanarundika na risasi na dhahabu. Tumia inchi 6, anza na usikivu wa 20 na ushuke mbilimbili mpaka mashine itulie, kisha isawazishe na udongo, yaani ifundishe kuupuuza, palepale juu ya weusi, si kwenye mchanga mweupe wa pembeni.

Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo mpangilio wa Beach, uliotengenezwa kwa ajili ya chumvi ya bahari, hauhitajiki. Tumia mipangilio ya Park 2 au Field 2. Inasikia vizuri zaidi dhahabu nyembamba. Wala hakuna kupwa kwa maana ya Dar es Salaam au Tanga kunakokufungulia mchanga mara mbili kwa siku. Ziwa linapanda na kushuka kwa misimu. Maji yalipanda sana 2020 na tena 2024, na kila yanaporudi nyuma yanaacha mchanga wa kufagia upya.

Kuingia majini kufikiriwe mara mbili. Equinox 800 inavumilia kina cha mita 3, lakini kichocho cha Ziwa Victoria hakijali ubora wa mashine. Vaa gambuti ndefu, kwepa maji yaliyotulia yenye magugu na konokono, na kama ngozi imegusana na maji mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapime. Kwa gambuti za magotini unafika kwenye maji ya sentimita 30 hivi. Koili ya inchi 11 inatosha kabisa hapo. Sehemu zenye mamba au kiboko ziache. Saanane ni hifadhi ya taifa, huko usiende na mashine; na fukwe za hoteli ni za kuomba ruhusa kwanza.

Kubadilisha koili ni kazi ya dakika 3, ila ndipo zinapoharibika. Hakikisha raba mbili ziko kati ya masikio ya koili na mpini, kaza boliti kwa vidole tu mpaka koili isilegee. Ukitumia koleo, sikio linapasuka. Zungusha waya kwenye mpini bila kuacha kitanzi, kwa sababu waya unaocheza karibu na koili unatoa sauti za uongo. Kisha washa, ondoa kelele za umeme, sawazisha na udongo upya. Ukirudi nyumbani, fungua kava la chini la koili ulisuuze kwa maji safi: mchanga mweusi ukijikusanya humo, mashine itapiga kelele kila ukiigusisha chini na utadhani imekufa.